Faili Imefutwa, Data Ipo: Utatuzi wa Matatizo ya Kuondoa Data Nyeti Kwenye Kompyuta za Ofisi

Tangu Microsoft ilipoacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za ofisi huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, zimekuwa zikitafutiwa mrithi. Zinazotolewa hazitupwi. Moja anauziwa mfanyakazi kwa bei ya kuelewana, nyingine inapelekwa shule ya kijijini kwa meneja, nyingine inaishia mezani kwa muuzaji wa mitumba mjini Kisumu. Juzi tu mashine hiyo ilikuwa mapokezi ya kliniki, au kwa karani wa mikopo wa sacco, au kwa mhasibu wa shule. Ndani yake mna nakala za vitambulisho, PIN za KRA (nambari za mlipakodi), orodha za mishahara na barua za daktari.

Mwongozo huu unafuata dalili: unachokiona, kinachokisababisha, na cha kufanya. Nazungumzia Windows kwa sababu ndiyo iliyojaa maofisini. Na niseme mapema kwamba kufuta ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kujua nakala ziko ngapi na zimejificha wapi. Ukiifuta moja kwa ustadi wote na nne zikabaki, hujafanya kitu.

Kabla hujagusa chochote

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataja data nyeti kwa upana kuliko wengi wanavyodhani. Afya imo, imani imo, asili ya kikabila imo, alama za vidole zimo. Lakini pia mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Kwa hiyo fomu ya mkopo iliyoandikwa shamba liko wapi na wategemezi ni nani ni nyeti sawasawa na faili ya mgonjwa. Nambari ya kitambulisho haimo kwenye orodha hiyo, ila bado ni data binafsi na inalindwa.

Sheria hiyo hiyo inakataza kukaa na data kuliko inavyohitajika. Sheria nyingine zinakukataza kuifuta mapema. Kumbukumbu za kodi zinakaa miaka 5 chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Maelezo ya ajira yanakaa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Ofisi ya umma haiharibu kumbukumbu zake bila idhini ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Na kama kuna kesi au uchunguzi unaendelea, usiguse hata ikoni moja. Cha kuhifadhiwa kihamishe kwanza mahali palipofungwa kwa nenosiri na kusimbwa (data igeuzwe isisomeke bila ufunguo), kifungue uhakikishe kinafunguka, ndipo urudi kwenye mashine ya zamani.

Jambo la pili ni aina ya diski, maana dawa hutegemea hilo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, uangalie chini ya Disk: utaona HDD au SSD. HDD ni ile yenye sahani zinazozunguka. SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu. Andika jibu hilo kwenye karatasi, tutalihitaji.

Dalili: Umetafuta, hukuona kitu, lakini una hakika data ipo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu anafungua kisanduku cha kutafuta cha Windows, anaandika "mishahara", haoni kitu, anatia sahihi kwamba mashine ni safi.

Sababu ya kwanza: Windows huangalia yaliyomo ndani ya faili kwenye folda ilizoziwekea faharasa tu, yaani orodha ya maneno iliyoiandaa mapema. Kwingineko huangalia jina. Faili inayoitwa "Book1 FINAL mpya (2).xlsx" haitajitokeza ukiandika "mishahara", hata kama ndani mna mishahara ya kaunti nzima.

Sababu ya pili: umetumia amri ya findstr ukadhani inaona kila kitu. Inasoma maandishi wazi tu. Faili za docx na xlsx kwa ndani ni maboksi ya zip yaliyobanwa, kwa hiyo findstr inapita juu yake kama kipofu. Kwa faili za csv na txt, hata hivyo, ni nzuri sana. PIN ya KRA ina umbo lisilochanganyika na kitu kingine: herufi A kwa mtu au P kwa kampuni, tarakimu 9, kisha herufi moja. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), ingia folda ya watumiaji, C:\Users, andika:

`findstr /s /i /m /r "[AP][0-9][0-9][0-9][0-9][0-9][0-9][0-9][0-9][0-9][A-Z]" *.csv *.txt`

Itakuorodheshea majina ya faili zenye PIN. Anza na PIN, usianze na nambari za kitambulisho. Tarakimu 7 au 8 zinafanana na nambari za risiti, akaunti, na nusu ya kila kitu alichowahi kuandika mhasibu. Utapata faili elfu moja na hutasoma hata moja. Za simu, tafuta 2547 na 2541, kwa sababu taarifa za M-Pesa zinazopakuliwa kwa jumla mara nyingi hubeba nambari kwa mtindo huo.

Kwa nyaraka za Word, Excel, PDF na makasha ya barua ya Outlook, sakinisha DocFetcher, ambayo ni ya bure na ya chanzo huria. Inatengeneza faharasa yake yenyewe kisha unatafuta ndani ya faili. Andika `A0*` uone PIN, andika "mke", "diagnosis", "ARV", "next of kin", "net pay". Ndiyo, kwa Kiingereza: fomu zetu nyingi zimeandikwa hivyo, na data hutafutwa kwa lugha iliyoandikiwa. Ukimaliza, futa na faharasa ya DocFetcher, kwa kuwa nayo sasa ni nakala ya yote uliyokuwa ukiyawinda.

Sababu ya tatu: data ni picha. Kitambulisho kilichoskaniwa, kadi ya kliniki iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp, hizo hazina maandishi ya kutafutwa. Hakuna njia ya mkato. Fungua folda, weka mwonekano wa picha kubwa, upitishe macho. Anza na Downloads, na kila mara ukumbuke kwamba mashine ina Downloads zaidi ya moja: ya kila mtu aliyewahi kuwa na akaunti humo. Fungua C:\Users uone. Jina la karani aliyeondoka miaka miwili iliyopita litakuwa bado linakungoja, na folda yake imejaa "WhatsApp Image" moja baada ya nyingine, vitambulisho mbele na nyuma, na katikati picha ya keki ya besdei ya mtoto wake.

Sababu ya nne ni sehemu ambazo hakuna anayezikumbuka. Folda ambamo skana humwaga kazi zake, mara nyingi C:\Scans au kitu kama hicho, iliyotengenezwa na fundi siku ya kwanza na kusahaulika siku ya pili. Folda ya UnsavedFiles, ambamo Office huweka nyaraka zilizofungwa bila kuhifadhiwa. Folda ya Temp. Makasha ya Outlook yenye miisho ya pst na ost, ambayo unayapata hivi:

`dir C:\Users\*.pst /s /b /a`

(rudia kwa ost). Halafu Excel yenyewe: karatasi iliyofichwa ndani ya kitabu. Nimeona ripoti ya ukurasa mmoja iliyokuwa ikitumwa kwa wafadhili kila mwezi, na nyuma yake karatasi iliyofichwa yenye majina na hali ya kila mgonjwa. Bofya kulia kwenye jina la karatasi yoyote pale chini. Kama "Unhide" inakubali kubofywa, kuna kitu kimejificha.

Dalili: Faili uliyofuta imerudi

Mazungumzo haya ni ya ofisi ya shule moja njia ya Kakamega:

"Fundi, ile faili ya mishahara niliifuta Ijumaa. Leo nimewasha, iko pale pale."

"Madam, uliifuta kwenye mashine gani?"

"Hii yangu. Na pipa la taka nikalimwaga."

"Na mashine ya mapokezi? Si mnatumia akaunti moja?"

"Hiyo bando iliisha wiki jana. Huyo msichana alikuwa anajaza tu bila intaneti."

Jibu ndilo hilo. OneDrive, Google Drive na Dropbox husambaza ufutaji kwenye mashine zote zilizounganishwa, lakini mashine iliyokuwa nje ya mtandao ikiwa na mabadiliko mapya kwenye faili ile ile hurudi na msimamo wake: ikipata intaneti inasema "mimi nina toleo jipya", na faili inafufuka. Inatokea pia mtu anapotoa akaunti ya OneDrive kwenye mashine kisha akaiunganisha upya huku folda ya zamani bado iko. Vyote vilivyomo hupanda tena.

Dawa: tengeneza orodha ya mashine na simu zote zilizo kwenye akaunti. Ziwashe zote, zipe intaneti, subiri zimalize kusawazisha. Kisha futa faili kupitia kivinjari, kwenye tovuti ya huduma yenyewe, na umwage pipa la taka la huko huko. Pipa la mtandaoni ni tofauti na la kompyuta. OneDrive ya kazini huweka kilichofutwa kwa siku 93, ya mtu binafsi siku 30, na Google Drive siku 30. Ile ya kazini ina hata pipa la pili nyuma ya la kwanza, ambalo msimamizi hulifikia. Kama hamna anayejua msimamizi ni nani, basi mna tatizo lingine la kushughulikia kwanza.

Kama hakuna huduma ya mtandaoni hapo, shuku bekapu. Kuna ofisi ambazo kila jioni programu fulani hunakili folda kutoka sava kwenda kwa kila mashine, au kinyume chake. Kufuta kwenye tawi hakusaidii. Futa kwenye chanzo.

Dalili: Windows inakataa kufuta, inasema faili inatumika

Hii ni nyepesi. Kuna programu imeishika, mara nyingi Outlook iliyobaki nyuma hata baada ya kufunga dirisha, au Excel ya mtu mwingine kwenye folda ya pamoja. Fungua Resource Monitor, sehemu ya CPU, andika jina la faili kwenye kisanduku cha Associated Handles. Itakuambia ni nani kaishika. Ifunge. Ikishindikana, washa mashine kwa Safe Mode, yaani Windows ikiwa na programu za lazima tu, ufutie huko. Kama ujumbe unataja ruhusa na si matumizi, faili ni ya akaunti nyingine. Ingia kama msimamizi.

Dalili: Umefuta gigabaiti nyingi, nafasi ya diski haijaongezeka

Nafasi isiyorudi maana yake data haijaondoka. Kila diski ina pipa lake la taka na kila mtumiaji ana sehemu yake humo, kwa hiyo kumwaga la kwako hakumwagi la karani wa zamani. Zaidi ya hapo kuna nakala za kivuli, picha za diski ambazo Windows huzichukua kwa ajili ya kurudisha mfumo nyuma. Faili uliyoifuta leo inaweza kuwa nzima kabisa ndani ya picha ya juzi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`vssadmin list shadows`

Ukiona orodha, na umeshahakikisha vya kuhifadhi vimehamishwa:

`vssadmin delete shadows /all`

Kumbuka kwamba baada ya amri hiyo hutaweza kurudisha mfumo kwenye hali ya jana. Kwenye mashine inayoendelea kutumika, fanya hivyo ukiwa umejiandaa. Pia usishtuke programu ya kukinga virusi ikipiga kelele: wezi wa kufunga data kwa fidia hutumia amri hiyo hiyo.

Dalili: Umefuta na kumwaga pipa, lakini Recuva bado inaiona faili

Hongera kwa kupima, wengi hawapimi. Recuva na PhotoRec ni programu za bure za kufufua faili, na ndizo atakazotumia yeyote anayenunua mashine yako kwa nia mbaya. Shift na Delete hazibadilishi kitu hapa. Windows inapofuta faili huondoa tu rekodi yake na kusema nafasi ile iko huru. Kufuta jina kwenye rejista hakumtoi mwanafunzi darasani. Data inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake.

Kwa HDD, andika juu yake. Windows inayo amri yake:

`cipher /w:C:\`

Inajaza nafasi yote iliyo huru mara tatu: sifuri, kisha 255, kisha tarakimu za bahati nasibu. Haigusi faili zilizopo. Kwenye diski ya terabaiti moja ni kazi ya kuachia usiku kucha, na hapo ndipo stima inapoingia kwenye hesabu. Ikikatika katikati, utaikuta asubuhi diski imejaa pomoni na Windows inalalamika haina nafasi. Haijaharibika. Angalia mzizi wa diski, kuna folda inaitwa EFSTMPWP. Hiyo ndiyo cipher iliyokuwa inaijaza. Ifute, hakikisha chaji au UPS iko sawa, anza upya. Laptopu yenye betri iliyokufa usiiachie kazi hii wakati wa mvua za Kisumu.

Kama unachotaka ni faili chache tu, tumia SDelete ya Sysinternals, yaani ya Microsoft wenyewe:

`sdelete -p 1 "C:\Scans\orodha.pdf"`

Pasi moja, yaani kuandika juu mara moja, inatosha. Kuna imani sugu mitaani kwamba lazima uandike juu mara 35. Nambari hiyo inatoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya 1996, iliyozungumzia diski za enzi zile, na yeye mwenyewe baadaye alisema kufanya zote 35 kwenye diski za kisasa hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-88 katika toleo lake la 2014, ulisema pasi moja kwa kawaida inatosha kwenye HDD. Fundi anayekulipisha siku tatu kwa ajili ya pasi 35 anauza umeme wako.

Bado Recuva inaona jina? Hiyo ni sababu nyingine. Kusafisha nafasi huru huondoa yaliyomo, lakini majina ya faili zilizofutwa hubaki kwenye jedwali kuu la diski mpaka yaandikwe juu. Kwa kawaida si neno. Lakini kama jina lenyewe ni siri, kwa mfano jina la mgonjwa likifuatiwa na ugonjwa wake, nalo ni data. SDelete hubadilisha jina la faili mara kadhaa kabla ya kuifuta, kwa hiyo itumie kabla ya kufuta kwa kawaida. Ukishachelewa, futa diski nzima.

Kwa SSD, sahau yote hayo. SSD hugawa uandishi kwenye chipu mbalimbali ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo ukisema "andika juu ya faili hii" inaandika mahali pengine na kuiacha ya kale pale ilipokuwa. Cipher na SDelete hazikupi uhakika wowote, zinapunguza tu umri wa diski. Kinachokusaidia ni TRIM, ambayo Windows huitumia kuiambia SSD ni vipande gani havihitajiki tena ili ivisafishe yenyewe. Angalia kama inafanya kazi:

`fsutil behavior query DisableDeleteNotify`

Jibu likiwa 0, imewashwa, na faili iliyofutwa mara nyingi haifufuki tena baada ya muda mfupi. "Mara nyingi" haitoshi kwa rekodi za wagonjwa. Na flashi na diski nyingi za nje za USB hazipati TRIM kabisa. Kwa vifaa hivyo dawa ni ya diski nzima.

Dalili: Mashine inauzwa na hujui njia ipi inatosha

Kwanza, kufomati haraka hakutoshi, ni kama hujafanya kitu. Kufomati kamili kwenye Windows kuanzia Vista huandika sifuri diski nzima, na kwa HDD hilo ni jambo la maana.

Mashine nyingi zinazotumika ofisini huku ni Dell Latitude, HP EliteBook na ProBook, na ThinkPad, nyingi zikiwa zimeletwa kutoka Ulaya zikiwa zimetumika. Hizo zina bahati: nyingi zina ufutaji salama ndani ya BIOS, ile programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows. Kwa Dell unaitwa Data Wipe, kwa HP ni Secure Erase. Huo unaiamuru diski ijifute yenyewe, pamoja na sehemu ambazo Windows haiwezi kuzifikia, na kwa SSD huchukua dakika badala ya saa. Mimi huanza hapo kila mara.

Ukitumia programu ya mtengenezaji wa diski au Linux na ukaambiwa diski "imegandishwa", usihangaike. Ni BIOS imeifunga wakati wa kuwaka. Ilaze kompyuta kisha iamshe, ujaribu tena. Mara nyingi inakubali.

BIOS ikiwa haina, kuna njia ya usimbaji. Kwenye Windows ya Pro washa BitLocker, kifaa cha Windows cha kusimba diski, na inapokuuliza uchague kusimba diski nzima au sehemu iliyotumika tu, chagua diski nzima. Hili watu hulipita bila kusoma. Ukichagua iliyotumika tu, masalia ya faili zilizofutwa zamani yanabaki wazi. Hakikisha kwa `manage-bde -status` kwamba imefika asilimia 100, kisha tumia Reset this PC, chagua Remove everything, uingie kwenye mipangilio uwashe Clean data. Ufunguo unapopotea, kilichobaki ni kelele. Karatasi yenye ufunguo wa kurejesha uliyoichapisha ichane, na uufute kwenye akaunti ya Microsoft ya ofisi.

Kwa HDD isiyo na lolote kati ya hayo, weka ShredOS, programu ya kufuta diski nzima, kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, upige pasi moja. DBAN ya zamani bado inatajwa kila mahali, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya SSD.

Anayeona huu ni usumbufu wa bure aangalie Morgan Stanley. Benki hiyo iliajiri kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na uzoefu wa kuharibu data, iondoe maelfu ya diski. Baadhi zikauzwa mnadani mtandaoni zikiwa na data za wateja. Septemba 2022 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa tume ya hisa na dhamana ya Marekani. Hapa Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kuchukua iliyo ndogo.

Dalili: Mashine haiwaki kabisa

Mashine iliyokufa haina maana diski imekufa. Fungua, itoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, uifute kama kawaida. Ikigoma kabisa, iharibu. HDD itoboe kwa drili kupitia sahani zote, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho, maana sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali. SSD inahitaji kila chipu ivunjwe. Shimo moja katikati linaweza kupita pembeni ya data yote. Sumaku haiifanyi SSD chochote. Na usichome moto nyuma ya ofisi: moshi wa bodi hizo una sumu.

Dalili: Umeziba jina kwa rangi nyeusi kwenye PDF, lakini linakopika

Umechora kisanduku juu ya maandishi, hukuyaondoa. Chagua eneo hilo, nakili, bandika kwenye Notepad: jina hilo hapo. Kama huna programu yenye kifaa cha kweli cha kuondoa maandishi, chapisha karatasi yenye kisanduku cheusi kisha iskani upya. Ya kizamani, lakini haina siri.

Printa na mashine ya fotokopi

Hizi hazina dalili, ndiyo maana zinasahaulika. Mashine kubwa za ofisi zinazoskani na kunakili mara nyingi zina diski ndani, na diski hiyo hutunza picha za karatasi zilizopita. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Marekani, Affinity Health Plan, ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za fotokopi za kukodi bila kufuta diski zake. Kama yenu ni ya kukodi, uliza kabla ya kuirudisha, na uandikiwe jibu. Menyu ya msimamizi huwa na sehemu ya kufuta diski.

Dalili: Mashine ilishauzwa, na hakuna aliyefuta

Mtafute aliyenunua. Wengi ni watu wa heri, na mashine inakuwa bado ipo dukani au nyumbani kwake. Iombe, au mfuate na ufutie pale pale kwa diski nzima, mkikubaliana umrudishie Windows. Usimwombe "afute tu mafaili".

Usipoipata, na kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, Sheria ya 2019 inakupa saa 72 tangu ulipojua, umjulishe Kamishna. Wenye data nao wajulishwe kwa maandishi. Kama ofisi yenu inashika data kwa niaba ya ofisi nyingine, mnao muda mfupi zaidi: saa 48 kuwaambia wenye kazi. Kama diski ilikuwa imesimbwa, sheria inawapunguzia wajibu wa kuwajulisha watu mmoja mmoja, na hapo ndipo utakaposhukuru ile asilimia 100 ya BitLocker. Kwenye taarifa andika nambari ya mashine, tarehe ilipotoka, nani aliitoa, data ya aina gani ilikuwemo na ya watu takriban wangapi, na ulichofanya tangu ulipogundua. Usingoje kujaza kila pengo ndipo utume. Unachokikosa leo utakiongezea kesho.